Oili ya haidroliki isiyoungua kabisa, mbona haitumiki kila mahali?

Msomaji kauliza kuhusu oili ya haidroliki, yaani oili ya presha inayosukuma breki na mitambo mingine: ndege za abiria zina ile oili ya zambarau inayowasha ngozi, za jeshi zina nyekundu, si watafute moja tu isiyoungua wamalize kazi?

Isiyoungua ilishatengenezwa ndugu yangu, ina klorini na florini, lakini lita yake moja ina uzito karibu mara mbili ya oili ya kawaida na huwezi kuimimina tu kwenye mfumo uliopo, mpaka ubadilishe sili (zile raba za kuzuia oili isivuje) na vitu vingine kibao, kwahiyo haikuenea.

Tuanze na moto wenyewe. Ndege nyingi haidroliki yake iko kwenye presha ya psi 3,000 (pauni 3,000 kwa kila inchi ya mraba), paipu ikitoboka kitundu kidogo tu oili haidondoki, inaruka kama ukungu, na ukungu huo ukikutana na breki zilizopata moto baada ya kutua ndo balaa. Ile nyekundu ya zamani, 5606 (hizi namba ni za viwango vya jeshi la Marekani), inatokana na mafuta ghafi, ikifika digrii 82 hivi za Selsiasi mvuke wake unaweza kushika moto. Ndo maana miaka ya 1940 Douglas na Monsanto wakaleta Skydrol ya kemikali iitwayo fosfeti esta, hiyo ya zambarau, ni ngumu sana kuwaka.

Sasa fosfeti esta ni korofi, inabandua rangi, inavuta maji halafu inatengeneza asidi, na sili za raba ya naitraili inaziharibu, inataka za raba aina nyingine, EPDM, na hizo EPDM nazo ukizitia oili nyekundu zinavimba. Jeshi la Marekani ndege zake zilishajaa sili za naitraili, kwahiyo wakatafuta haidrokaboni ya sintetiki, yaani oili ya kutengenezwa kiwandani, 83282, inaanza kushika moto kwenye digrii 205 na unamwaga ya zamani unajaza mpya, sili zilezile. Kasoro yake baridi, chini ya -40 inakuwa nzito mno, ikabidi ije 87257 ya kufika -54.

Vifaru navyo vita ya 1973 Mashariki ya Kati ilifundisha vibaya, vilikuwa vikipigwa oili ya kwenye mnara wa mzinga inawaka na watu wamo ndani, inauma sana. Vikapewa 46170, jamii ileile ya sintetiki ila imeongezwa dawa ya kutu maana kifaru kinaweza kupaki muda mrefu.

Kama unahama kutoka 5606 kwenda 83282 safisha mfumo vizuri, zinachanganyika bila shida lakini masalia ya 5606 yakiwa mengi lile joto la kushika moto linashuka, na umepoteza ulichokuwa unakitafuta.