Kabla hujamwambia kijana maana ya jina lake

Mi naitwa Tabu. Mdogo wangu aliyenifuata wakampa Furaha, kwa hiyo pigeni picha wenyewe ugomvi wetu utotoni ulikuwaje.

Huku Mwanza nasaidia kufundisha kipaimara kwenye kigango chetu, huu mwaka wa sita. Watoto wa miaka 13 mpaka 16 hivi. Kila mwaka inafika ile wiki ya kuchagua somo, yaani mtakatifu ambaye mtoto atabeba jina lake, na hapo ndo unajua nani analipenda jina lake na nani analikimbia. Kwenye cheti anaitwa Masanja, mtaani ni Brayan. Nzala kajigeuza Jesca. Sina shida na hilo, kosa kubwa ni letu sisi wakubwa, tunakimbilia kuhubiri na kugawa maana za majina ya Kisukuma kama pipi: Kulwa ni pacha wa kwanza, Doto wa pili, Shija anayefuata baada ya mapacha, Kashinje katanguliza miguu, Mabula kaja na mvua. Nimefanya hivo miaka miwili mizima, mtoto anasema "aah sawa" anarudi kwenye simu. Maana hata jirani anaijua. Ila mvua ipi, nani alikuwepo, nani alikataa jina lingine, hayo yako nyumbani kwake tu.

Basi mwaka wa tatu nikawatuma, nendeni mkamuulize aliyewapa jina, wiki ijayo mtasimulia mbele ya wenzenu. Nikajiona nimepatia kweli.

Kulikuwa na kijana mmoja kwenye daftari anaandika Kelvin S. na hiyo S kaibana kwenye kona utadhani deni. Ni Shija. Akaenda kwa bibi yake, akamkuta anabangua karanga, akauliza. Bibi akamjibu bila hata kuinua macho, si uliwafuata kina Kulwa. Kina Kulwa gani, wakati kwao yeye ndo wa kwanza? Ndo akajua siku hiyo kwamba kuna mapacha walizaliwa kabla yake wakafa wakiwa wachanga na nyumba nzima ilikaa kimya miaka 15. Jumapili mama yake akanifuata nje ya kanisa, hakupaza sauti hata kidogo, akasema tu "Mwalimu, ungeniambia kwanza mimi." Nilikosa pa kuangalia.

Tangu siku hiyo siku zote naanza na wazazi. Nawapigia au napita nyumbani, nawaambia mtoto atakuja kuuliza hiki, kama kuna zito jipangeni mtamwambiaje. Na kusimulia mbele ya watu nimefuta kabisa, anayetaka ananiambia pembeni, anayesema "sitaki kusema" hilo nalo ni jibu na simfukunyui. Kuna majina yamebeba baba aliyekimbia, njaa, ugomvi wa mawifi, huwezi kumfungulia mtoto mzigo huo halafu ukaenda zako kula.

Maswali nayo usiweke mengi. Nani alikuita, ulikaribia kuitwa nani, na nani nyumbani anakuita tofauti na wengine? Hilo la mwisho linatoa maajabu, maana kila mtu ana jina ambalo bibi pekee analitumia.

Wakibisha kwamba lazima uchague moja nawapa ya Mwalimu Nyerere. Alizaliwa 1922 kule Butiama, Wazanaki wenzake wakamwita kwanza Mugendi, baadae mganga wa ramli akashauri aitwe Kambarage, jina la mzimu wa mvua. Desemba 1943 akabatizwa akawa Julius, tayari kijana wa miaka 21, na Kambarage hakuitupa. Huwa wanakaa kimya kidogo hapo. Halafu lazima mmoja aulize kama mganga alilipwa.

Sasa kitu kimoja cha kidunia kabisa, na hapa nakuwa mkali. Kujiita unavyotaka mtaani ruksa, ila fomu za shule usizichezee. Usajili wa mtihani wa darasa la saba na wa kidato cha nne, jina lisome kama kwenye cheti cha kuzaliwa, herufi kwa herufi. Nimeona kijana mwenye akili zake anahangaika kwa wakili kula kiapo cha majina kwa sababu ya "Bryan" na "Brayan". Kama kweli anataka kubadili, mkae na wazazi mbadilishe mapema, kisheria, sio kwa peni ya mwalimu wa darasa.

Yule kijana bado wenzake wanamwita Kelvin na anaitika. Siku ya kipaimara niliomba kuliona daftari lake la nyimbo, juu kaandika Shija kwa herufi kubwa, na chini yake kwa penseli, ndogo ndogo, Kulwa na Doto.