Homa, malaria hasi, na kipimo cha VVU kilichofanywa mapema mno

Ndugu uliyeuliza, umesema kwamba siku 16 baada ya kujamiiana bila kinga ulishikwa na homa na koo likakuuma, kipimo cha malaria kikatoka hasi, cha VVU nacho hasi, na sasa hujui kama uyaamini majibu hayo. Mimi ni muuguzi niliyehudumu miaka mingi katika zahanati za visiwa vya Lamu, na kwa maoni yangu kipimo chako cha VVU bado hakijakujibu.

Kipimo cha tone la damu ya kidoleni hakitafuti virusi bali kingamwili, yaani kinga ambazo mwili hutengeneza kupambana navyo, nazo huchukua wiki 3 hadi miezi 3 kuonekana. Homa ya maambukizi mapya kwa kawaida huja kati ya wiki ya 2 na ya 4, kwa hiyo mgonjwa hutufikia wakati uleule ambao kipimo chetu hakioni kitu, ilhali virusi vimejaa damuni na ni rahisi mno kumwambukiza mwenziwe. Kipimo cha kutafuta virusi vyenyewe huvigundua mapema zaidi, lakini kinataka mashine, na sampuli ya Faza au Kizingitini, huko kisiwani Pate, lazima kwanza ipande boti.

Tena huku kwetu homa ina majina mengi. Chikungunya iliikumba Lamu mwaka 2004, na homa, upele na maumivu yake hufanana na dalili za maambukizi mapya ya VVU. Nilipata kumhudumia kijana mwenye homa, upele na tezi za shingo zilizovimba, nikampa dawa za maumivu bila kumwuliza lolote, kwa kuwa jamaa zake walikuwa wamekaa barazani na mimi nikaona haya. Aliporudi baada ya miezi kadhaa, kipimo kilikuwa chanya, na jambo hilo linaniuma hadi leo. Tangu hapo, mtu mzima mwenye homa isiyo malaria mimi humwona faraghani, nikamwuliza taratibu kuhusu wiki 6 zilizopita, nikamwandikia tarehe ya kurudi kupimwa.

Dawa za kinga, yaani PEP, huanzwa ndani ya saa 72, kwa hiyo muda wake umekupita. Nenda hospitali kubwa ukaeleze siku ulizohesabu na uulizie kipimo cha virusi; kisipopatikana, rudia cha kidole wiki ya 6 na mwezi wa 3, na hadi hapo utumie kondomu kila mara.