Kutoa ushauri nasaha mtandaoni bila kumwaga siri za wateja: jibu refu

Mwenzangu, umeuliza ni programu gani ya video iliyo salama zaidi, kwa kuwa umeanza kupokea wateja wa ushauri nasaha kwa njia ya mtandao na unahofia siri zao zisije zikavuja. Nimeifanya kazi hii mtandaoni kwa miaka kadhaa, na jambo hili liko moyoni mwangu, kwa hiyo nivumilie nikijibu kwa urefu.

Kuhusu programu nina machache. Tafuta yenye usimbaji fiche wa mwisho hadi mwisho, yaani mazungumzo yanafumbwa kwenye kifaa chako na kufumbuliwa kwenye kifaa cha mteja tu, hata kampuni inayoyasafirisha isiyasikie. Usirekodi. Zima pia huduma za akili unde zinazoandika muhtasari wa mazungumzo, maana kwa kawaida ili muhtasari uandikwe ni lazima sauti zenu zipite kwenye seva ya mtu mwingine. Kila mteja apewe kiungo chake, na kiwepo chumba cha kusubiria hadi umruhusu mwenyewe, wasije wateja wawili wakakutana mlangoni. Basi.

Ninachotaka kukwambia hasa ni kwamba siri nyingi hazivujii kwenye video, zinavujia pembeni. Kule kujulikana tu kwamba fulani ana mshauri nasaha tayari ni siri. Huenda hujaandika hata neno moja la alichokueleza, lakini jina lake likionekana kwenye orodha yako, aliyeliona ameshajua la kujua. Mwaka 2023 kampuni ya BetterHelp ilikubali kulipa dola milioni 7.8 baada ya Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani kuishtaki kwamba ilipeleka taarifa za watumiaji wake kwa Facebook, Snapchat na wengineo kwa ajili ya matangazo, ilhali ilikuwa imewaahidi faragha. Kiini cha shauri lile hakikuwa mazungumzo ya vikaoni. Kilikuwa anwani za barua pepe na majibu ya dodoso la mwanzo. Anwani ya barua pepe peke yake, ikitoka kwenye huduma ya ushauri, inasema mengi mno.

Kwa hiyo anza na tovuti yako. Kama aliyekutengenezea aliweka vifuatiliaji vya matangazo, yaani vijiprogramu vinavyopeleka taarifa za anayetembelea tovuti kwa kampuni za matangazo, viondoe, hasa kwenye ukurasa wa kuomba miadi. Na fomu yenyewe iwe fupi: jina ambalo mtu angependa aitwe, njia salama ya kumpata, na muda unaomfaa. Nimeona fomu za wenzetu zinazomuuliza mtu kama amewahi kufikiria kujiua, kisha jibu linatumwa kwa barua pepe ya kawaida na kubaki humo miaka na miaka. Swali hilo ni la lazima, lakini liulize mkiwa uso kwa uso kwenye kikao, ukiwa tayari kumshika mkono atakapojibu.

Kisha kalenda. Mteja wangu mmoja (nimebadilisha mambo kadhaa ili asitambulike) alikuwa amejiandikisha kwa barua pepe iliyofunguliwa pia kwenye kishikwambi cha nyumbani. Mfumo wa miadi ukatuma mwaliko, na asubuhi ya kikao kishikwambi kikalia sebuleni na kuonyesha jina langu, kazi yangu na saa ya kukutana. Nyumba nzima ikajua. Alikuwa anatafuta namna ya kutoka kwenye ndoa yenye vipigo, kwa hiyo elewa uzito wake. Tangu hapo situmi mwaliko wowote wa kalenda mpaka mteja mwenyewe aseme anautaka, na hata hapo kichwa chake ni neno lisilosema lolote, kama "Mkutano". Kwenye kalenda yangu naandika namba ya mteja, siandiki jina.

Swali la kwanza ninalomuuliza mteja mpya siku hizi ni hili: simu hii unaitumia peke yako? La pili: nikikutumia ujumbe, nani mwingine anaweza kuusoma? Majibu yake ndiyo yanayoamua kila kitu kinachofuata. Wapo wasiotaka ujumbe kabisa, wanapiga wao. Wapo tuliokubaliana neno ambalo akilitamka katikati ya kikao najua kuna mtu ameingia, nami nageuza mazungumzo yawe ya kawaida au nakata. Namshauri avae hedifoni ili angalau sauti yangu isisikike, na azime arifa zinazoonyesha maneno ya ujumbe wakati simu imefungwa. Sisi tunafunga mlango wa chumba chetu na kudhani tumemaliza, kumbe nusu ya chumba cha ushauri iko kwake.

Malipo nayo yanasema. Angalia jina la biashara linalojitokeza kwenye taarifa yake ya benki au ujumbe wa muamala. Likiwa na neno "ushauri nasaha" au "tiba ya akili", mweleze kabla hajalipa, au tumia jina lisilofichua. Vilevile usiwahifadhi wateja kwenye simu unayotumia kwa mitandao ya kijamii. Ukiiruhusu mitandao hiyo kusoma orodha yako ya namba, inaweza kuanza kuwapendekezea watu wafahamiane, na mteja mmoja akaletewa sura ya mwingine. Kuwa na laini na simu ya kazi tu ni gharama, lakini kwangu ni gharama ya lazima.

Sasa kumbukumbu za vikao, ambapo hasara ikitokea hairudishiki. Huko Finland kulikuwa na kampuni ya tiba ya kisaikolojia iitwayo Vastaamo. Mwaka 2020 ikajulikana kwamba kanzidata yake ilikuwa imedukuliwa tangu 2018, na kumbukumbu za wagonjwa wapatao 33,000 zilikuwa mikononi mwa mhalifu. Alipokosa fedha kutoka kwa kampuni, aliwageukia wagonjwa mmoja mmoja, akiwatishia kwamba wasipolipa atayaanika waliyowaambia watabibu wao. Baadhi ya kumbukumbu zikawekwa hadharani kweli. Kampuni ilifilisika mwaka uliofuata, na mhalifu alihukumiwa 2024. Lakini mtu ambaye maumivu yake ya utotoni yamesomwa na dunia nzima, hukumu ile inampa nini? Nenosiri unaweza kulibadilisha. Maisha uliyoyasimulia huwezi.

Ndiyo maana naandika kidogo. Tarehe, mada kuu kwa maneno mapana, dalili zozote za hatari na nilichofanya kuhusu hatari hiyo, na tulichokubaliana kwa kikao kijacho. Majina ya mume, bosi, jirani au mpenzi siyaandiki. Naandika "M" au "ndugu wa karibu". Kabla ya kuandika sentensi najiuliza: je, nitaihitaji ili nimsaidie mtu huyu? Kama ni udadisi wangu tu, inabaki kichwani na kusahaulika. Orodha inayounganisha namba na majina iko mahali tofauti kabisa na kumbukumbu, na vyote viwili vimefumbwa kwa manenosiri tofauti. Muda ambao sheria au chama chako cha kitaaluma kinakutaka utunze faili ukiisha, lifute, na usisahau nakala rudufu. Nakala hizo husahaulika sana: meseji za WhatsApp zinafumbwa zikiwa njiani, lakini nakala inayopelekwa kwenye hifadhi ya mtandaoni haifumbwi mwisho hadi mwisho mpaka uwashe ulinzi huo mwenyewe kwenye mipangilio.

Mengine ni ya kila mtu: diski ya kompyuta iliyosimbwa, nenosiri la pekee kwa kila akaunti, uthibitishaji wa hatua mbili (yaani baada ya nenosiri unaombwa na namba ya siri ya muda), namba hiyo itoke kwenye programu badala ya ujumbe mfupi, maana laini ya simu inaweza kutekwa. Na usibandike maelezo ya mteja kwenye mtambo wa akili unde ili ukusaidie kuandika ripoti, hata kama umelifuta jina.

Yote haya mweleze mteja kwa lugha nyepesi kabla ya kikao cha kwanza, pamoja na mipaka ya usiri: uhai wake au wa mwingine ukiwa hatarini, utalazimika kuzungumza na mtu. Kwa sababu hiyo mwanzoni mwa kila kikao muulize yuko wapi kwa wakati huo, na uwe na jina la mtu mmoja ambaye mteja mwenyewe amemchagua atafutwe wakati wa hatari. Mwambie pia kwamba zikivuja taarifa zake atasikia kutoka kwako kwanza. Sheria ya ulinzi wa data ya Umoja wa Ulaya, GDPR, kwa kawaida inadai mamlaka ya ulinzi wa data ijulishwe ndani ya saa 72 tangu uvujaji ugundulike, na mteja akiwa nchi nyingine huenda sheria ya kwao ikakuhusu, kwa hiyo isome mapema.

Jambo la mwisho ni lile tunaloliogopa. Ukifa kesho, nani atafungua kompyuta yako? Mimi nimemteua mwenzangu wa taaluma, nimempa maelekezo kwenye bahasha iliyofungwa: namna ya kuwapata wateja wangu, maneno ya kuwaambia, na faili zipi azifute. Familia yangu inajua jina lake na inajua kwamba vifaa vya kazi vinakwenda kwake moja kwa moja.