Mvua Ilinyesha Saa Ngapi?

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unauliza, kati ya Kain-Fritsch, Betts-Miller-Janjić na Grell-Freitas, uchague skimu ipi ya mawingu, yaani kanuni za kukisia mawingu na mvua, ili modeli yako ya WRF, ile programu ya kompyuta ya hali ya hewa, itoe mvua ya vuli ya Uganda kama inavyonyesha kweli. Msimamizi wako anataka jibu kabla ya mwezi kwisha, nawe umenitumia jedwali la jumla za mvua za kila skimu.

Jedwali nimelitazama. Lakini kabla ya yote nakuuliza lile lile nililokuchosha nalo tangu sekondari: ilinyesha saa ngapi? Saa kwanza, jumla baadaye.

Ile karatasi ya kisiwani unaijua, ila sidhani kama nimewahi kukusimulia yote. Ilikuwa 1991, kule visiwa vya Ssese katika Ziwa Victoria, nikiwa mpimaji wa mvua, wewe ungali tumboni. Mama yako aliamka kabla ya alfajiri akaniambia, "Bati litang'oka." Mvua ilikuwa imeanza saa tisa usiku. Kwenye kipima mvua chetu cha kalamu, maji yakifika milimita 10 hujimwaga yenyewe na kalamu huanguka hadi sifuri. Asubuhi saa tatu, saa ya kusoma vipimo, nikakuta kalamu imeanguka mara nane, kisha ikapanda tatu. Milimita 83, karibu zote kabla ya saa kumi na moja alfajiri. Nikaandika, nikatuma.

Jibu lilirudi baada ya wiki mbili. Mkubwa wangu wa kazi alikuwa ameifuta 83 kwa kalamu nyekundu na kuandika pembeni: kosa la mpimaji. Hoja yake ilikuwa kwamba vituo vya nchi kavu havikupata hata tone siku ile. Nilimwandikia kwamba karatasi ya kalamu ninayo, aje aione. Hakuja. Mwanangu, miaka hii yote imepita na bado nikiikumbuka ile wino nyekundu chakula hakishuki.

Nchi kavu isingepata tone! Usiku ardhi hupoa upesi, ziwa hubaki na joto lake, na upepo hutoka pande zote za nchi kavu ukakutana juu ya maji. Hapo ndipo mvua ya radi ya Ziwa Victoria huzaliwa, usiku wa manane hadi asubuhi, na pepo za mashariki huisukuma upande wetu wa magharibi. Mchana mambo hugeuka: upepo wa ziwa huingia bara, na Kampala hulowa alasiri. Wavuvi walilijua hilo kabla yangu.

Sasa rudi kwenye jedwali. Skimu inaweza kukupa jumla nzuri ya msimu huku ikinyesha saa sita mchana, saa ambayo wingu halisi ndiyo kwanza linajikusanya. Jumla itakuwa sawa, sababu si yenyewe. Skimu hizi zote zinakisia wingu ambalo gridi ya kilomita 25, yaani ramani iliyokatwa vipande vya upana huo, haiwezi kuliona. Kain-Fritsch hupandisha hewa na kuondoa nguvu iliyolimbikizwa. Betts-Miller-Janjić huvuta joto na unyevu kuelekea umbo lililopangwa tangu mwanzo. Na kabla hujailaumu skimu yoyote, hakikisha joto la ziwa limetoka ziwani. Ulinieleza mwenyewe kwamba programu ikikosa takwimu huweza kulikopa kutoka Bahari ya Hindi. Ziwa letu liko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari! Likikopeshwa joto la pwani, hakuna skimu itakayokuokoa.

Najua utakavyonijibu: mkulima wa Masaka anataka kujua mvua ya msimu itatosha mahindi, haulizi saa. Ni kweli. Na mimi mwenyewe miaka mingi nilituma namba moja kwa siku, jumla tupu. Basi labda jumla nayo ina haki yake. Lakini mvuvi aliye majini saa tisa usiku yeye anauliza saa, na radi ikimkosa kwenye modeli yako, kwenye maji haitamkosa.

Ungeshuka hadi gridi ya kilomita 4 ungeweza kuizima skimu ya mawingu kabisa, modeli ijitengenezee radi. Ningependa sana. Ila kompyuta ya chuo haikutoshi kwa msimu mzima, ulishaniambia.

Jina moja kati ya yale matatu liko ulimini. Nimeliandika hapa, nikalikata. Nikilitaja utalichagua kwa sababu baba kasema, nami sijaona mchoro wa mvua saa kwa saa. Uchore kwa kila skimu, majini peke yake na nchi kavu peke yake, unitumie kabla hujamjibu msimamizi wako.

Karatasi ya 1991 ataileta kaka yako Jumamosi. Nimeiweka kati ya mbao mbili, usiikunje.

Baba yako