Nimebadilisha oksijeni sensa, taa imerudi vilevile

SWALI: Mambo fundi, nina Toyota IST yenye injini ya 1NZ. Mwezi uliopita nilifunga eaklina ya koni, ile ya kupakwa oili, pamoja na paipu yake ya alumini, kisha nikapita kwa jamaa wa ekzosi akatoa masega (katalitiki, kile kinachosafisha moshi) akachomelea bomba tupu ili gari iwe nyepesi na ingurume kidogo. Wiki haijaisha taa ya cheki injini ikawaka, mashine ya kupimia ikatoa kodi (namba za hitilafu) P0171 na P0420. Nikaambiwa oksijeni sensa, ile inayopima oksijeni kwenye moshi, imekufa, nikanunua mpya, kodi zikafutwa, siku tatu tu taa hiyo tena, na sasa kwenye foleni inatetemeka kama inataka kuzima. Ninunue sensa gani?
Msomaji, Mbagala

JIBU: Usinunue kitu kaka, hela ibaki mfukoni kwanza. Kodi haikutajii spea ya kubadilisha, inakwambia tu komputa imeona nini. P0171 maana yake hewa imezidi kwa mafuta yanayoingia, na aliyepeleka taarifa hiyo ni hiyohiyo oksijeni sensa, kwa hiyo mmemfukuza shahidi mwizi bado yumo ndani.

Rudi kwenye ulichogusa. Fungua boneti uangalie kale kahozi kanakotoka kwenye tapeti kava (kifuniko cha juu cha injini). Zamani kaliingia kwenye paipu ya orijino, ukifunga koni mara nyingi kanaachwa kananing'inia hivihivi, basi injini inavuta hewa kupitia hapo, inazunguka hadi kwenye valvu ya PCV (inayotoa mvuke wa ndani ya injini) na kuingia manifodi, yaani bomba la kugawa hewa kwenye silinda, bila kupita kwenye sensa ya MAF inayopima hewa inayoingia. Hiyo peke yake inatosha kutetemesha gari ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta. Kashike na mkono, na klampu zote zijaribu kama zinacheza.

Pili ni MAF yenyewe. Oili ya koni ikizidi inaganda kwenye kile kiwaya chembamba, isafishe kwa spree yake maalumu (sio ya breki jamani, na usikifute kwa kitambaa) halafu iache ikauke. Ila kama paipu yako mpya ni pana kuliko ya orijino hata ukisafisha kila Jumamosi ni bure, komputa imekariri kipenyo cha kiwandani na inapiga hesabu ya hewa kwa hicho.

Mwenye mashine mwambie asiishie kusoma kodi, akuonyeshe fyueli trimu, yaani asilimia ya mafuta ambayo komputa inaongeza au kupunguza. Ikizidi asilimia 20 ukiwa sailensa na kushuka karibu na sifuri ukifika mizunguko 2500 kwa dakika, hewa inapenya pembeni. Ikibaki juu au ikizidi kupanda ukikanyaga, shuku MAF au pampu ya mafuta. Njia ya bei rahisi zaidi ni kurudisha boksi la orijino kwa wiki moja, natumaini hukuligawa.

P0420 haina fumbo. Sensa ya nyuma, ile iliyo baada ya masega, kazi yake ni kupima kama masega yanasafisha moshi, umeyatoa, sasa inaona moshi uleule wa sensa ya mbele. Taa haiwaki siku hiyohiyo kwa sababu komputa hujiridhisha kwanza safari mbili, ndio maana kila ukifuta unadhani imepona. Kuna watakaokuuzia kidude cha kuisogeza sensa nje ya moshi, taa itazima kweli, mimi sikupendekezei. Dawa ni masega kurudi. Yale yako muulize jamaa wa ekzosi kama bado anayo, japo ndani yana platinamu, paladiamu na rodiamu, sidhani kama yamelala hata usiku mmoja pale gereji.