Bakshishi ya mgeni, mshahara wa mwajiri

Mimi ni mpagazi, naishi Moshi. Tulipofika geti la Mweka, tukishuka Kilimanjaro, wageni walimkabidhi kiongozi bahasha ya bakshishi. Sisi tukapewa kidogo, tukaambiwa posho ya siku imo humo humo. Ni haki?

Si haki, kaka yangu. Posho hulipwa na mgeni? Hapana, aliyekuajiri ndiye unayemdai, na mgeni hawezi kumlipia deni hilo. KPAP, mradi unaotetea wapagazi wa Kilimanjaro, unataka kampuni zilipe posho ya haki kwa siku, mtu ale milo mitatu na mzigo wa kampuni usizidi kilo 20. Bahasha hupotelea pale getini, watu wakiimba na kupiga picha. Ombeni mgeni atangaze kiasi mbele ya wote, kila mmoja apewe chake mkononi. Na kabla ya kupanda, ulizeni posho ni kiasi gani, iandikwe.

Nimeanza kazi mgahawani Houston, Marekani. Nalipwa dola 2.13 kwa saa! Sheria inaruhusu?

Inaruhusu, kwa bahati mbaya. Kiwango hicho cha shirikisho hakijaguswa tangu 1991. Ila mshahara na bakshishi vikijumlishwa visipofika dola 7.25 kwa saa, mwajiri lazima afidie. Meneja naye haruhusiwi kuchukua bakshishi zako. Andika kila siku saa ulizofanya na ulichopata.

Mtindo huu una historia chungu. Baada ya utumwa, kampuni ya mabehewa ya Pullman iliajiri wanaume weusi kwa ujira mdogo, wategemee abiria. Chama chao chini ya A. Philip Randolph kilianza 1925, mkataba ukapatikana 1937. Leo California mhudumu hupata kima cha chini kamili, bakshishi ni nyongeza juu ya mshahara huo.

Nikila Dar, bakshishi niiongeze kwenye lipa namba?

Hapana, hiyo inaingia kwa mwenye mgahawa. Mpe mhudumu mkononi.

Nina mgahawa. Wahudumu wangu wanapata bakshishi nzuri, kwa nini niwaongeze mshahara?

Kwa sababu mchana wa Ramadhani wateja wanapungua, kodi ya chumba cha mhudumu haipungui. Pia michango ya NSSF hukokotolewa kwenye mshahara unaomlipa, si kwenye noti alizoachiwa mezani. Akistaafu, hizo hazimsaidii. Anza na anayeosha vyombo, maana yeye hata mteja hamwoni.