Jibu: Usichapishe hizo hojaji 400 za "kabila na umaskini" Malindi na Lamu

Lifute swali la saba katika rasimu ya hojaji uliyonitumia ya utafiti wako. Usilipambe, lifute. "Kabila lako ni lipi?", halafu la nane, "Kipato chako kwa mwezi ni shilingi ngapi?", kisha kompyuta ilinganishe, na sura ya nne ya ripoti yako itangaze kwamba kabila "linachangia" umaskini wa Malindi na Lamu. Umeuliza utumie programu gani, kibali kinatolewa wapi na wahoji uwatumie vipi. Hayo yana majibu mepesi. Kinachoniuma ni kwamba rasimu imepita mikononi mwa watu wazima na hakuna aliyekusimamisha hapo.

Kabila halijawahi kumnyima mtu shamba. Shamba hunyimwa na sheria, na afisa, na ramani, na hapa kwetu miaka yake inajulikana. Utumwa ulifutwa kisheria 1907. Mwaka uliofuata ikaja Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908: katika mwambao wa maili kumi, mwenye ardhi alete dai lake, na isiyodaiwa iwe mali ya Serikali ya Kifalme. Yaliyosikilizwa ni madai ya mtu mmoja mmoja. Hati zikaenda kwa Waarabu, Wahindi na Waswahili wenye nafasi, huku Wamijikenda (Wagiriama wakiwemo) na watumwa walioachiwa juzi tu wakibaki wanalima bila karatasi. Maskwota wa Malindi, yaani wanaokaa kwenye ardhi bila hati, wanatokea huko. Mwaka 1914 Wagiriama wakafukuzwa kutoka kaskazini ya mto Sabaki, kwenye ardhi yao yenye rutuba. Lamu nayo ina yake: vita vya Shifta, vya waliotaka kujitenga na Kenya, 1963 hadi 1967, viliwakimbiza Wabajuni wengi kutoka vijiji vya bara hadi visiwani, mashamba yakabaki nyuma. Mapema miaka ya 1970 Serikali ikafungua mpango wa makazi wa Lake Kenyatta, Mpeketoni, na ardhi ikagawiwa walowezi, wengi wao kutoka Mkoa wa Kati.

Sasa mchukue mjukuu wa mtumwa aliyeachiwa Malindi. Wajukuu wa namna hiyo wengine leo ni Waswahili, wengine ni Wagiriama, kwa kutegemea jamii iliyowapokea babu zao. Basi jibu la swali lako la saba lenyewe limezaliwa na historia unayodai kuipima. Utaliwekaje upande wa sababu?

Uliza mlango gani ulifungwa, na nani aliufunga. Ardhi mnayokaa ni ya nani? Nyumba ni ya nani? Minazi na miembe ni ya nani? Ni maswali matatu, usiyachanganye, maana Malindi mtu anaweza kumiliki kuta na paa huku udongo ni wa mwenye shamba ambaye hajamwona miaka mingi. Ijara, yaani kodi ya ardhi, mnalipa? Kwa nani, na risiti ipo? Hati ina jina la nani, nayo ilipatikana kwa urithi, kununua, mgao wa makazi au dai la zamani? Kwa Lamu ongeza: mwaka 1963 familia ililima wapi? Na ukiwa Amu, yaani Lamu mjini, usiridhike na "mkuu wa kaya". Nyumba ya mawe mara nyingi hupewa binti, kwa hiyo ukimhesabia mume utamtajirisha asiyemiliki hata mlango wake.

Kisha kitambulisho: ulikipata na umri gani, na uliombwa karatasi zipi za ziada? Toa 18 kwenye umri huo, upate miaka ya kusubiri. Ni kipimo kizuri mno, kwa sababu asiye na kitambulisho hana laini ya simu kwa jina lake wala akaunti ya benki. Wapemba wa pwani hii walitambuliwa rasmi kuwa jamii ya Kenya 2023 tu. Yeyote atakayeandika kwamba umaskini wao unatokana na "mila za uvuvi" awaombe radhi.

Swali la saba likishafutwa, kabila liulize upya, mwisho kabisa, kwa maneno ya mtu mwenyewe, na umruhusu kutaja mawili. Mtu yuleyule ni Mbajuni kwa jirani na Mswahili kwa mgeni.

Kuna mtego wa pili, na huu huwanasa hata wenye shahada kubwa. Ukishapata data ya hati na elimu, utashawishika kuziingiza zote kwenye modeli moja, yaani hesabu moja ya takwimu, pamoja na kabila. Kigawo cha kabila, namba inayoonyesha uzito wake, kitashuka karibu na sifuri, nawe utaandika kwamba ubaguzi haupo. Hiyo ni sawa na kuwalisha watu kwanza ndipo uwapime njaa. Hati ndiyo njia ambayo ubaguzi ulipitia. Endesha modeli bila hati, kisha na hati, uripoti zote mbili, na hilo pengo katikati yake ndilo matokeo yako. Du Bois, mwanasosholojia Mweusi wa Marekani, alipozunguka nyumba kwa nyumba Philadelphia mwaka 1896 na 1897 aliuliza kodi ya nyumba, kazi na mahali mtu alikotoka, ndiyo maana aliweza kuonyesha Weusi wakilipa kodi kubwa zaidi huku wakifungiwa nje ya ufundi.

Wanaowauzia wanafunzi hojaji za kunakili, na wasimamizi wanaotia saini bila kusoma, wanawatia hasara mbili: ya kwenu, na ya watu wanaoandikwa vibaya. Ripoti ya namna hiyo hufika mezani kwa mtu wa bajeti, naye huagiza "semina za kubadili mtazamo" mahali palipohitaji mpimaji wa ardhi.

Hiyo 400 yako pia ni ya fomula ya Yamane ya kukadiria ukubwa wa sampuli. Weka watu 143,920 wa Lamu kwa sensa ya 2019, kosa la 0.05, unapata 399. Sawa kwa kaunti nzima. Lakini kundi likiwa asilimia 3 ya sampuli, kama inavyoweza kutokea kwa Waaweer, jamii ndogo ya Lamu, una watu 12 na kosa la karibu asilimia 28 kila upande. Ukitaka asilimia 10 unahitaji 96 kwa kila kundi, na ukichagua kwa vijiji uzidishe mara mbili hivi, maana wa kijiji kimoja hufanana.

Wala usikimbilie wastani wa kaunti. Mwanasosholojia Robinson alionyesha 1950, kwa sensa ya Marekani ya 1930, kwamba uhusiano kati ya kuzaliwa ng'ambo na kutojua kusoma ulikuwa +0.118 (kwa kipimo cha −1 hadi +1) kwa mtu mmoja mmoja, lakini −0.526 kwa majimbo. Ishara yenyewe iligeuka. Hata Hazina ya Usawazishaji hapa Kenya, ya kusaidia maeneo yaliyoachwa nyuma, ilianza kwa orodha ya kaunti 14, Kilifi na Lamu zikiwemo, kabla ya kushuka kwenye maeneo madogo.

Programu yoyote itafaa. Kibali ni NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, kisha ujitambulishe kwa Kamishna wa Kaunti. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu asili ya kikabila na maelezo ya mali kuwa data nyeti, kwa hiyo majina yakae faili tofauti. Naibu chifu asiwepo barazani unapouliza ardhi. Jaribu maswali ya hati kwa kaya 15 Langoni (Lamu) na 15 Kisumu Ndogo (Malindi), urekebishe, ndipo uende kwa mpiga chapa.